Naomba filamu za mapenzi zenye chuo cha kijeshi ndani yake, zisiwe za risasi tupu

Binti wa Msamvu:

Habari zenu wadau. Naombeni msaada kwa mnaofuatilia filamu. Mchumba wangu yuko kwenye kozi ya uofisa tangu mwaka jana. Simu anaishika Jumapili, tena siyo kila Jumapili. Akipiga ananieleza kwata, mbio za alfajiri, mzigo mgongoni, ukaguzi wa vitanda, halafu nasikia mtu anamwita kwa nyuma na muda umeisha. Mama hajui aniambie nini. Baba anajibu "ndiyo jeshi hilo" na kurudi kwenye taarifa ya habari.

Nataka nione maisha anayoishi yanafananaje. Na zaidi nataka nione mwanamke aliyempenda mtu wa namna hiyo anaishije huku nyuma.

Nilipoulizia mtaani nilipewa Top Gun, ile ya 1986. Nimeiangalia. Ndege zinavutia, kijana anavutia, ila yule dada ni mkufunzi wake, wanaonana kila siku darasani, hakuna anayemsubiri mwenzake. Nyingine zote nilizoletewa ni vita mwanzo hadi mwisho, mapenzi ni picha moja tu ndani ya mfuko wa askari. Mimi nataka chuo kiwemo, mkufunzi awemo, na mapenzi yawe ndiyo hadithi yenyewe. Iwe ya Marekani, ya Kihindi, ya Kikorea, yoyote ile. Nianze na ipi?

Mama Getini:

Pole na hongera mwanangu, vyote viwili vinakufaa.

Mimi ni mke wa askari, baba watoto sasa amestaafu. Miaka mingi nilikuwa na kibanda cha kukodisha kanda, baadaye CD, hatua chache kutoka geti la kambi. Wateja wangu walikuwa wake za askari, na siku za mapumziko vijana waliopewa ruhusa ya kutoka. Nilikuwa na daftari la mistari, naandika jina, namba ya nyumba, filamu, tarehe ya kurudisha. Ukikaa na daftari kama lile unajua filamu ipi imewagusa watu. Top Gun ilichukuliwa na watoto na kurudi kesho yake. Iliyokuwa hairudi ni Lakshya. Nikienda kuifuata nyumba namba fulani naambiwa iko kwa jirani, jirani ameshampa mwenzake, inazunguka kota nzima ndipo inirudie, tena imekwaruzika.

Kwa hiyo anza na Lakshya. Ni ya mwaka 2004, mwongozaji ni Farhan Akhtar, hadithi ameiandika baba yake, Javed Akhtar. Hrithik Roshan ni Karan, kijana wa Delhi, kwao wana uwezo, analala hadi saa sita mchana na hajui anataka nini duniani. Preity Zinta ni Romi, mwanafunzi mwenzake, anayejua kabisa anakokwenda. Karan anaingia chuo cha kijeshi cha Dehradun karibu kwa kufuata mkumbo, kwa sababu rafiki yake alisema anaingia. Huko anakutana na filimbi ya alfajiri, adhabu, kufokewa mbele ya wenzake. Anashindwa. Anatoroka na kurudi nyumbani.

Sasa angalia kinachofuata, ndipo utamu wa filamu hii ulipo. Filamu nyingi zingemfanya Romi afurahi kwamba mpenzi wake amerudi mikononi mwake. Romi anamwacha. Anamwacha kwa sababu amegundua anapenda mtu asiyemaliza jambo, na leo amekimbia chuo, kesho atamkimbia yeye. Hamkemei kwa kelele, anaongea kama mtu aliyeumia kweli. Wake za askari niliowajua walikuwa wakifika pale wanarudisha nyuma waangalie tena, maana hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha mwanamke wa aina hiyo kwenye filamu ya jeshi. Hajavaa gwanda na haongozi mtu, ila neno lake ndilo linalomrudisha Karan chuoni kwenda kubeba adhabu yake na kumaliza kozi.

Ukifika kipande cha pili kuna vita ya Kargil ya 1999, kati ya India na Pakistani, milima mirefu, na Romi anakwenda kule akiwa mwandishi wa habari wa televisheni. Risasi zipo, usiogope, ziko mahali pake. Kabla ya kupanda ule mwamba usiku Karan anampigia simu baba yake, ambaye siku zote alimwona mtoto asiyefaa kitu. Simu fupi tu. Mimi nimeishi na simu za namna ile. Mwaka 2009, vijana wa JWTZ walipoanza kwenda Darfur, Sudan, kulinda amani, tulikuwa tukipigiwa, mume anauliza mvua imenyesha huko, mabati ya jikoni yamerekebishwa, mtoto wa pili anaendeleaje na hesabu. Lile lililo moyoni linapita ndani ya maneno ya mabati. Waliotengeneza Lakshya wamelijua hilo, kwenye ile simu hakuna hotuba.

Ya pili ni An Officer and a Gentleman, ya Marekani, 1982, Richard Gere na Debra Winger. Ukiniuliza chuo kiko wapi hasa kwenye filamu, nitakwambia hakuna inayokipita hii. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha mchumba wako anapitia nini. Zack Mayo amekulia vibaya, mama alijiua, baba ni baharia mlevi kule Ufilipino, anaingia kozi ya marubani wa jeshi la majini. Mkufunzi wake ni Sajini Foley, ameigiza Louis Gossett Jr., na kazi hiyo ilimpa Oscar, akawa mtu mweusi wa kwanza wa kiume kupata ile ya mwigizaji msaidizi. Alifariki Machi 2024. Ukimwona Foley utaelewa kwa nini mchumba wako sauti imebadilika.

Kuna jambo dogo ndani yake nililipenda kuliko yote. Zack ana ujanja wake: anaficha kwenye dari viatu na bakoli za mikanda, yaani vile vyuma vya kufungia, zilizokwisha kung'arishwa, anawauzia wenzake siku ya ukaguzi. Mwenzake mmoja mwenye mke na watoto bakoli yake haijang'aa, anamwomba, Zack anakataa kwa kuogopa kushikwa. Yule bwana anakosa ruhusa ya kwenda kuona familia. Bakoli moja. Mke amekuja na watoto na mwisho wa wiki umekwenda. Nyie mlio nje hamwezi kujua ruhusa ya siku mbili ina uzito gani, sisi tulikuwa tunaanza kuipikia tangu Jumatano.

Baadaye Foley anagundua ile biashara ya dari na anamtesa Zack mwisho wa wiki mzima ili aache kozi kwa hiari yake, hadi kijana analia kwamba hana mahali pengine pa kwenda. Na karibu na mwisho, kwenye mbio za vikwazo, anaelekea kuvunja rekodi, anageuka kumsaidia dada wa kozi yao ambaye ukuta umemshinda siku zote. Anaiacha rekodi. Ukiweka bakoli na ukuta pamoja unaona chuo kimemfanyia nini.

Na mapenzi? Paula anafanya kazi kiwandani, mashine za mifuko ya karatasi. Mama yake naye yuko kiwanda hichohicho. Na baba mzazi wa Paula alikuwa kuruta wa chuo kilekile, aliyepita na kuondoka bila kumwoa mama. Kwa hiyo Paula anaingia kwenye mapenzi akijua hesabu yote. Nakuonya kwamba ina picha za chumbani na ina kijana anayejinyonga, usiiangalie sebuleni na wazee.

Mtoto wa Lanet:

Mama ameeleza vizuri sana, hasa hiyo ya bakoli. Mimi nimekulia Nakuru, upande wa Lanet ambako Kenya inafundishia makadeti wake, na tulikuwa tunawasikia wakiimba alfajiri tukijitayarisha kwenda shule.

Ila kwa heshima, mwisho wa hiyo filamu ya 1982 siukubali. Zack anaingia kiwandani amevaa sare nyeupe, anambeba Paula mbele ya wenzake, Paula anaivaa kofia ya Zack, wote wanapiga makofi. Mimi nauliza, huyo dada amefanya uamuzi gani hapo? Ameokolewa tu. Na wale wanawake wengine waliobaki kwenye mashine je? Gere mwenyewe hakuutaka mwisho huo, aliona umezidi utamu.

Dada, kama huna shida na tamthilia ndefu, tafuta Descendants of the Sun ya Korea Kusini, 2016, vipindi 16. Kapteni wa kikosi maalumu na daktari wa hospitali. Siku za mwanzo kila wakikaa pamoja kapteni anaitwa kazini, mara moja helikopta inamchukua juu ya paa la hospitali. Daktari anataka kujua anakwenda wapi, yeye haruhusiwi kusema. Basi daktari anakata uhusiano, anasema yeye kazi yake ni kuokoa uhai na hawezi kupenda mtu ambaye kila akitoka hajui kama atarudi. Ukumbuke kule kila kijana wa kiume hupita jeshini kwa lazima, hata Song Joong-ki aliyeigiza kapteni alikuwa ndiyo kwanza amemaliza utumishi wake mwaka 2015. Watazamaji wa kule wanajua kila kitufe cha ile sare.

Lakini usikazie macho wale wawili wakubwa. Waangalie wale wa pili: sajini meja Seo na Luteni Yoon, dada daktari wa jeshi ambaye baba yake ni jenerali. Jenerali anataka binti yake aolewe na ofisa, na hahitaji hata kufoka. Anatia saini barua ya uhamisho. Sajini anahamishwa, na akiulizwa anapiga saluti na kukaa kimya, hata kwa mpenzi wake hasemi sababu. Kwetu mtaani nilijua mapenzi ya namna hiyo, cheo kimekaa katikati. Hakuna filamu ya Marekani niliyoona imelieleza hilo kwa uchungu kama wale Wakorea.

Mama Getini:

Mtoto wa Lanet, asante kwa hiyo ya sajini meja na binti wa jenerali. Ni kweli tupu, na barua ya uhamisho nimeiona ikitenganisha watu bila mtu yeyote kupaza sauti.

Kuhusu kiwandani sikubaliani na wewe. Paula alikuwa ameshaamua zamani. Rafiki yake Lynette alimdanganya kijana kwamba ana mimba, kijana akaacha kozi ili amwoe, na alipokuja na pete Lynette akamkataa kwa sababu hakutaka mume ambaye si rubani. Matokeo yake unayajua. Paula angeweza kutumia njia hiyohiyo, na mama yake mzazi ni ushahidi kwamba wasichana wa pale hawana njia nyingi. Hakuitumia. Alimpenda, akamwacha aende, akarudi kwenye mashine yake. Kwa hiyo Zack anapoingia pale anamfuata mtu ambaye hakumtega, na ile hatua ya kuingia kiwandani ni yake yeye aliyezoea kukimbia. Wake za askari kibandani kwangu walipiga makofi pamoja na wale wa kiwandani, na hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua ni wangapi wamesubiri kwenye geti lile na hakuna aliyetoka kuwafuata.

Sajini Mstaafu:

Niongeze moja kuhusu mkufunzi, maana watu huwaonea. Kwenye hiyo filamu ya Gere, angalia siku ya kutunukiwa kamisheni. Vijana wanapita mmojammoja mbele ya Foley, anawapigia saluti yao ya kwanza, kila mmoja anampa sarafu ya dola ya fedha. Jana alikuwa anawafokea, leo wamempita cheo na anawaita "sir" kwa moyo wote. Halafu anageuka kupokea makuruta wapya na kuanza kufoka upya. Mimi nimesimama upande huo wa uwanja. Kijana uliyemfundisha kufunga kamba za buti unampigia saluti, na unataka uipige vizuri kuliko zote ulizowahi kupiga, kwa sababu ni kazi ya mikono yako.

Jeshi la majini la Marekani liliwakatalia kupiga picha kwenye chuo chenyewe cha Pensacola, Florida, wakaenda Fort Worden, jimbo la Washington. Hata hivyo kwata iko sawasawa.

Binti, mchumba wako akitunukiwa, ukienda kwenye gwaride, mtafute mkufunzi wake umsalimie. Wengi humkimbilia ofisa mpya na kupiga picha, mkufunzi anabaki peke yake.

Binti wa Msamvu:

Shikamooni wazazi wangu. Asanteni sana, sikutegemea kupata majibu ya namna hii.

Lakshya nimeiangalia jana usiku. Baba alipita sebuleni, akasimama, mwisho akaketi, tukaimaliza naye. Kwenye ile simu ya Karan kwa baba yake, baba yangu hakusema neno, ila leo asubuhi ameniuliza mwenzangu anapiga Jumapili saa ngapi, na yeye anataka kumsalimia.

Mama Getini, nimeambiwa kuna mbili za Kihindi ambazo ni hadithi za kweli, Shershaah na Amaran. Niziangalie sasa hivi au nisubiri?

Mama Getini:

Marahaba mwanangu. Mpe baba simu hiyo Jumapili, hata kama dakika zako zitapungua.

Zote mbili ni nzuri na zote mbili mwanamume anakufa, nakwambia mapema kwa sababu ni watu wa kweli na kila mtu India anajua. Shershaah ya 2021 ni ya Kapteni Vikram Batra, aliyeuawa Kargil tarehe 7 Julai 1999, na mchumba wake Dimple ambaye baada ya hapo hakuolewa na mtu. Naiheshimu, lakini Dimple kwenye filamu hakupewa nafasi ya kutosha, tunamwona akipendwa na tunamwona akilia, katikati hatujui alikuwa anaishije.

Amaran ya 2024 ndiyo iliyonishika. Ni ya Kitamil. Meja Mukund Varadarajan na mkewe Indhu, walijuana chuoni Chennai kabla hajawa ofisa. Yeye Mhindu, dada Mkristo wa Kerala, na baba wa dada hataki kusikia habari za mkwe mwanajeshi. Chuo cha maofisa cha Chennai kimo, ila filamu imeelekezwa kwa Indhu. Sai Pallavi anamwigiza, na sehemu kubwa unamwona akifanya mambo ya kawaida huku simu iko karibu. Anafundisha, analea mtoto wa kike, anasikiliza baba yake akirudia kwamba alimwambia. Mukund aliuawa Kashmir tarehe 25 Aprili 2014, na Januari 2015 Indhu akaenda kupokea nishani yake mbele ya taifa zima.

Julai 2013, askari wetu 7 walipouawa Darfur, sisi kota tulisikia idadi kabla ya kusikia majina. Wanawake walitoka nje na kukaa barazani, hakuna aliyetaka kuwa ndani peke yake ikija gari. Mpaka nilipoiona Amaran sikuwa nimewahi kuona mtu ameweka saa za namna ile kwenye filamu. Sai Pallavi hapigi mayowe. Anauliza maswali yenye akili, moja baada ya jingine, anatafuta jibu litakalomwonyesha kwamba bado yupo. Ndivyo tunavyofanya.

Wewe ngoja. Iangalie Amaran akishamaliza kozi, na uiangalie naye, si peke yako, ili aone upande wako ukoje na mzungumze mapema mambo ambayo watu wa kwetu huogopa kuyazungumza: nani atapigiwa simu kwanza, mama yake au wewe, na karatasi ziko wapi. Sasa hivi nenda kwa Wakorea wa Mtoto wa Lanet. Vipindi 16, ukiangalia viwili kila jioni ambayo hakuna simu utafika mbali. Ya Gere iangalie chumbani kwako.

Na nitafutie jambo moja. Kuna ya Netflix ya 2022, Purple Hearts, dada mwimbaji mwenye kisukari anafunga ndoa na askari wa majini ili apate bima ya matibabu. Binti yangu anaisifia, mimi bado sijaiona. Ukiitangulia, niambie kama askari akiwa mbali tunamwona dada akiishi maisha yake au anamsubiri tu.